Vitamini E: Tazama Kwanza Jikoni Mwako



Miezi michache iliyopita tulikwenda watatu kumjulia hali mama mmoja wa kikundi chetu aliyekuwa akiugua malaria. Juu ya meza, kando ya dawa alizopewa zahanati, tulikuta kichupa cha vidonge laini vya rangi ya dhahabu. Kwa kuwa ni desturi yetu sisi wauguzi kutazama dawa zote anazotumia mgonjwa, tulimwuliza vile ni vya nini. Akajibu kwa sauti ya chini, "Mama, hivyo si vya malaria. Ni vitamini E, vya kupata mtoto."

Alikuwa amevitumia kwa miezi 14. Mwuzaji aliyepita kijijini alimwambia kwamba hiyo ndiyo "vitamini ya uzazi", na kwamba asikatishe hata mwezi mmoja. Basi kila mwezi aliuza kuku wawili ili apate kichupa kipya. Yeye na mumewe wanalea watoto wawili wa marehemu dada yake, lakini hawajajaliwa mtoto wao wenyewe.

Mchana alikataa katakata tuondoke bila kula. Binti mkubwa akatuandalia ugali na mchicha wa chukuchuku. "Mafuta tunatia Jumapili tu," mama yule alisema kwa aibu kidogo, "maana fedha haitoshi, na vidonge havisubiri." Nyuma ya mlango tuliona gunia la alizeti likimngoja mnunuzi.

Njiani tulirudi tukiwa kimya. Mwenzetu alikuwa amepunguza mafuta katika chungu cha familia nzima ili anunue vitamini E, na huku vitamini hiyo hiyo ilikuwa imejaa katika gunia nyuma ya mlango wake. Tena hakuna aliyemweleza ukweli juu ya vidonge hivyo. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuzungumzie vitamini E: ni nini, ina kazi gani, inapatikana wapi, na ni lini vidonge vinahitajika.

JINA LA "VITAMINI YA UZAZI" LILITOKA WAPI?

Mwaka 1922, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Marekani, Herbert Evans na Katharine Bishop, walikuwa wakiwalisha panya chakula maalumu walichokitengeneza wenyewe. Panya walikua vizuri na walionekana wenye afya. Walishika mimba, lakini mimba hizo hazikufika mwisho. Watoto walikufa tumboni. Watafiti walipowaongezea majani ya saladi, na baadaye kiini cha ngano, panya wakazaa tena. Ikajulikana kwamba ndani ya vyakula hivyo kuna kitu kilichokosekana katika kile cha kwanza. Kitu hicho kikaitwa vitamini E.

Mwaka 1936 Evans na wenzake walifaulu kuitoa peke yake kutoka mafuta ya kiini cha ngano, wakaipa jina la tokoferoli, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuleta uzazi. Tangu hapo sifa ya uzazi imeifuata vitamini hii kila iendako.

Lakini akina mama, tuangalie jambo moja. Panya wale walikuwa wamenyimwa vitamini E kabisa. Mwanamke anayekula mboga, karanga na mafuta ya mbegu hayumo katika hali hiyo. Kwamba mnyama aliyenyimwa kitu huharibikiwa mimba si sawa na kusema kwamba mtu asiyepungukiwa nacho akiongezewa atapata mimba. Haijathibitishwa kwamba vidonge vya vitamini E humpatia mtoto mwanamke ambaye hajapata.

KAZI YAKE MWILINI

Kila mama anajua mafuta ya kupikia yakikaa wazi kwa muda mrefu huchacha. Hubadilika harufu, na ukiyaonja yanawasha kooni. Hewa imeyaharibu. Mwili wetu nao umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, na kila chembe imezungukwa na utando mwembamba wenye mafuta ndani yake. Mafuta hayo nayo yaweza kuharibiwa kwa namna inayofanana na hiyo. Moshi wa sigara, kwa mfano, huongeza uharibifu huo.

Vitamini E hukaa ndani ya utando huo kama mlinzi. Uharibifu unapoanza, huupokea yenyewe ili usiendelee. Kwa njia hii huzilinda chembe nyekundu za damu zisipasuke ovyo, hulinda mishipa ya fahamu, misuli na macho, na husaidia nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa.

Mtu mwenye afya anayekula mlo wa mchanganyiko ni nadra sana kuugua kwa kukosa vitamini hii. Wanaopatwa na upungufu mkubwa hasa ni watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na watu ambao miili yao haiwezi kupokea mafuta, kama vile wenye magonjwa fulani ya ini na nyongo, ya kongosho au ya utumbo. Wako pia wachache waliozaliwa na kasoro ya kurithi. Dalili zake ni misuli kulegea, miguu kupoteza hisia, kuyumba wakati wa kutembea, na macho kudhoofika. Mwenye dalili hizi asinunue vidonge dukani. Aende hospitali apimwe, kwa sababu magonjwa mengine mengi huleta dalili kama hizo.

INAPATIKANA WAPI?

Mtu mzima anahitaji miligramu 15 za vitamini E kwa siku, kwa kipimo kilichowekwa na wataalamu wa Marekani mwaka 2000. Mama anayenyonyesha anahitaji 19. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji 6, na wa miaka 4 hadi 8 anahitaji 7. Haya, tutembee sokoni:

1. Alizeti. Hii ndiyo hazina yetu kubwa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti kina karibu miligramu 5.6. Mbegu zenyewe zikikaangwa na kumenywa, kiganja kimoja cha gramu 28 kina karibu 7.4, yaani nusu ya mahitaji ya siku. Wenzetu wa Singida na Dodoma wanalala juu ya utajiri huu.

2. Karanga. Kiganja kimoja cha karanga zilizokaangwa kina karibu miligramu 2.2. Vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa, vya kutia katika uji au mboga, vina karibu 2.9.

3. Parachichi. Nusu ya parachichi kubwa ina karibu 2, na mafuta yake yenyewe husaidia vitamini hiyo kuingia mwilini.

4. Mboga za majani. Nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa kina karibu 1.9. Majani mengine ya kijani kibichi nayo yana vitamini hii, kila moja kwa kiasi chake.

5. Mawese. Mafuta mekundu ya mawese, kama yale ya Kigoma, yana karibu miligramu 2 kwa kijiko kikubwa, na wekundu wake ni chanzo kizuri cha vitamini A. Yakisafishwa mpaka yakapoteza wekundu, hupoteza na faida hiyo ya pili.

6. Mafuta ya mahindi na ya soya. La mahindi kijiko kimoja kina karibu 1.9, la soya karibu 1.1.

7. Nyanya, maembe, mayai na samaki. Hivi vina kiasi kidogo kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Wenzetu wa pwani wanaotegemea nazi tunawaomba wasituchukie. Tui ni tamu na lina nafasi yake, lakini mafuta ya nazi karibu hayana vitamini E. Anayepika kwa nazi kila siku akumbuke kuongeza karanga, parachichi, mboga za majani, au kijiko cha mafuta ya mbegu. Mafuta ya wanyama nayo yana vitamini E kidogo sana.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Chukua siku moja ya kawaida. Asubuhi, uji wenye vijiko viwili vya karanga zilizosagwa: 2.9. Mchana, ugali na samaki kwa spinachi iliyoungwa kwa kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti na nyanya: 1.9 za mboga, 5.6 za mafuta. Jioni, wali na maharage, na nusu parachichi pembeni: 2. Jumla tayari ni zaidi ya miligramu 12, bado hatujahesabu samaki, nyanya na embe alilokula mtoto njiani. Mama anayenyonyesha akitafuna kiganja kimoja cha mbegu za alizeti, ameikaribia 19 yake au ameivuka.

Na gharama je? Familia ya watu watano, kila mmoja akipata kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kwa siku, hutumia karibu lita 2 na robo kwa mwezi. Mwenye alizeti yake akienda kwenye mashine ya kukamua hupata mafuta ya nyumbani, na mashudu yakabaki kwa ajili ya kuku. Kabla ya kununua kichupa cha vidonge, linganisha bei hizo mbili. Mafuta hulisha watu watano, kichupa humeza mtu mmoja.

Hapa hatusemi tumimine mafuta bila kipimo. Mafuta mengi huongeza unene na maradhi yake. Tumesema kijiko kimoja kwa kila mtu, na kijiko kiwe kijiko.

TUSIIPOTEZE KWA MIKONO YETU

Vitamini E huharibiwa na hewa, mwanga na moto mkali. Kwa hiyo:

- Mafuta yaliyopangwa barabarani juani katika chupa zinazopenya mwanga yamekwisha kupunguziwa thamani. Nunua yaliyowekwa kivulini, na nyumbani yatunze katika chombo kilichofunikwa vizuri, kabatini au mahali penye giza.

- Usikaangie mafuta yale yale tena na tena. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi yamepoteza vitamini yake, na yameanza kuwa na madhara mengine.

- Usisage karanga za miezi mitatu kwa mara moja. Saga za wiki moja au mbili, ufunike.

- Chambua karanga. Zilizokunjamana, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, asipewe mtu wala kuku. Ukungu huo waweza kuleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika, nayo huharibu ini. Mwaka 2016 ndugu zetu wa mikoa ya kati walikufa kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi.

- Usizipike mboga kwa chukuchuku kila siku. Vitamini E, pamoja na A, D na K, husafiri mwilini kwa kupanda gari la mafuta. Mboga isiyo na mafuta hata kidogo hutoa sehemu ndogo tu ya vitamini zake. Kama mafuta hakuna, tia karanga, au kula na parachichi.

MJAMZITO NA MTOTO MCHANGA

Mama mjamzito anahitaji miligramu 15 zile zile, na chakula kinatosha kuzitoa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma kwa wajawazito, likasema kwamba vidonge vya vitamini E na C havipendekezwi kwa ajili ya kuboresha ujauzito. Vilipojaribiwa, havikuzuia kifafa cha mimba kama ilivyotumainiwa, na waliovitumia walipata zaidi maumivu ya tumbo, na chupa ya maji kupasuka kabla ya uchungu kuanza. Vidonge ambavyo mjamzito asivikose ni vile vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki. Tumewaona akina mama wanaoviacha hivyo kwa sababu vinawachafua moyo, kisha wananunua vya rangi ya dhahabu. Tafadhali, tusifanye hivyo.

Mtoto huzaliwa akiwa na akiba ndogo ya vitamini E, kwa sababu haipiti kwa wingi katika kondo la nyuma. Lakini katika siku za kwanza, matiti hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya njano, ambayo yana vitamini E nyingi kuliko maziwa yanayofuata. Bado wako bibi wanaoagiza yakamuliwe na kumwagwa kwa kuwa "ni machafu". Bibi zetu tunawaheshimu, ila hapa tuwaeleze kwa upole. Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na dang'a yote iwe yake.

VIPI BASI KUHUSU VIDONGE?

Wako wanaovihitaji, nao ni wale tuliowataja: wagonjwa ambao daktari amewapima, akaona hawapokei mafuta, au watoto njiti walio chini ya uangalizi. Hao wasiviache bila ya kuongea na daktari wao.

Sisi wengine tujue haya. Kidonge cha kawaida cha yuniti 400 kina kati ya miligramu 180 na 268, yaani mara 12 hadi 18 ya mahitaji ya siku. Watu walidhani kwamba kingi zaidi kitakuwa kizuri zaidi, na wataalamu wakapima. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000, uliohusu zaidi ya watu 9,000, ulionyesha kwamba kidonge hicho kila siku hakikupunguza magonjwa ya moyo. Uchunguzi mwingine wa wanaume, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba waliokuwa wakitumia yuniti 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wale ambao hawakutumia. Basi mama anayemnunulia baba vidonge hivi "vya nguvu" kwa upendo, afikirie tena.

Vidonge vingi pia hufanya damu ichelewe kuganda. Anayetumia warfarini, au aspirini kila siku, au anayengojea upasuaji, ni lazima amwambie daktari.

Na kuhusu ngozi? Tunajua baadhi yetu hupasua vidonge na kujipaka usoni au juu ya makovu ya upasuaji. Katika uchunguzi mdogo wa makovu uliotangazwa mwaka 1999, kwa wengi hakukuwa na faida, na theluthi moja walipata vipele vya mzio. Makovu hayakuhitaji hayo.

Vitamini E iliyomo ndani ya chakula haijaonekana kumletea mtu madhara haya. Karanga hazina onyo juu ya mfuko wake.

KWA WANAOTAFUTA MTOTO

Sasa turudi kwa mwenzetu. Tulimweleza haya yote, naye akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo miezi yote hiyo nimepoteza?" Hatukuwa na jibu la kumfariji. Tulichoweza ni kumwuliza swali ambalo katika miezi 14 hakuna aliyemwuliza: "Je, mmepimwa, wewe na baba?" Hawakuwa wamepimwa.

Akina mama, hapa ndipo kichupa kile kilipokula zaidi ya kuku. Kilikula muda. Ukiwa mmekaa pamoja mwaka mmoja bila kuzuia mimba na hamjapata, nendeni hospitali. Kama umefika miaka 35, usingoje zaidi ya miezi 6. Na muende wawili. Mara nyingi sababu iko kwa mwanamume, au kwa wote wawili. Lakini katika nyumba zetu ni mke anayekunywa dawa, na ni mke anayesemwa. Mirija iliyoziba, maambukizo yasiyotibiwa, homoni zisizo sawa, mbegu chache za kiume: hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachoonekana kwa kumeza vidonge gizani.

Mumewe alikubali. Haikuwa kazi nyepesi, lakini alikubali, nao walikwenda pamoja. Majibu waliyopewa ni yao wawili na daktari wao, hatutayaandika hapa. Tunaloweza kusema ni kwamba sasa wanajua wanatibu nini, na kwamba kwa mara ya kwanza baba huyo amebeba nusu ya mzigo.

Juma lililopita tulipita tena kwake. Nusu gunia ilikuwa imekwenda kwa mnunuzi, na nusu ilikwenda kwenye mashine ya kukamua. Mchicha ulikuwa umeungwa, watoto wakalamba vidole, na kuku walikuwa wakiparua mashudu uani.

KAZI YA MWEZI HUU

Fungua kabati lako la jikoni. Tazama mafuta yako yako mahali gani, karanga zako zina hali gani, na leo mboga itaungwa kwa nini. Halafu, kama unacho kichupa cha rangi ya dhahabu, kipeleke kliniki utakapokwenda, umwulize muuguzi kama unakihitaji. Usione haya, tumekwisha kuulizwa makubwa kuliko hayo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia madini ya chuma na upungufu wa damu. Tubaki na afya njema.